Siku Niliyozungusha Kompresa ya Bi Raya Kinyume

Hadi leo nikishuka Pangani kuna watu pale sokoni wakiniona tu wananyoosha kidole kimoja hewani na kukizungusha kinyumenyume, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili na bisibisi. Wengi wenu mmeisikia kwa watu wengine, tena imetiwa chumvi (ati chumba kililipuka, ati mimi nilikimbilia Mombasa, uongo mtupu), kwa hiyo leo acheni niwasimulie mwenyewe, na sitajipunguzia.

Kwanza mkumbuke nilikuwa fundi wa namna gani. Kazi ya majokofu niliisomea hapahapa Tanga, kwetu Mabawa, ile miaka mibaya ya foleni ya sabuni na foleni ya sukari, na kama sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, spea ya friji ungeipata wapi? Mtu akikuletea friji limekufa humwambii akanunue kifaa, maana utakuwa unamtukana. Unatafuta kilichogoma ni kipi, halafu unakiruka. Thamostati, ile ya kupima baridi, imegoma, unaunga waya dairekti, moja kwa moja bila kupitia hapo. Fyuzi imeungua, unaweka uzi wa shaba. Kile kidude cha kuilinda mota kikizimazima ovyo, unaking'oa unakitupa kwenye ndoo. Nilikuwa na ndoo nzima ya vilinzi nilivyovifukuza kazi, na mafriji yaligandisha barafu (mengine yaliungua, lakini hayo fundi hayasimulii). Watu wakanipa jina, Hemedi Dairekti, na nilitembea nalo kifua mbele.

Kisha biashara zikafunguliwa, ikawa ruksa, vitu vikaanza kuingia bandarini ambavyo hatujawahi kuviona hata kwa picha. Ndipo Bi Raya aliponiita. Bi Raya ni Mpemba, aliolewa Pangani, mume akafariki akamwachia biashara ya samaki, akaishika mwenyewe na kuikuza kuliko marehemu. Alikuwa amechoka kuhangaika na barafu ya kutoka Tanga inayofika nusu maji, kwa hiyo akajenga chumba cha baridi nyuma ya nyumba yake, na mkwewe aliyekuwa Dubai akamletea kompresa mpya, ile pampu ya kusukuma gesi ya baridi, ndani ya sanduku la mbao. Alipata mnunuzi wa Arusha, mtu wa mahoteli, naye alisema neno moja tu: gari langu litafika asubuhi baada ya siku ya ufunguzi, nikikuta samaki wagumu kama jiwe tutafanya kazi miaka, nikikuta wamelegea sirudi tena. Kwa hiyo mjue tangu sasa kwamba maisha yote ya yule mama yalikuwa yamewekwa mle chumbani, na ufunguo nimeshika mimi.

Kompresa yenyewe ilinishangaza. Mimi nilizoea zile za pistoni, ambazo ukizizungusha kulia zinasukuma gesi na ukizizungusha kushoto zinasukuma vilevile, hazina habari. Hii ilikuwa ndefu, nyembamba, imezibwa kote, na ndani yake (haya niliyajua baadaye, wakati huo sikujua kitu) mna vyuma viwili vilivyojiviringa, kimoja ndani ya kingine, kama mikeka miwili uliyoikunja pamoja. Ikizunguka upande wake inaminya gesi kuipeleka katikati. Ikizunguka kinyume haiminyi chochote, inapiga kelele, inajisugua na kujichemsha mpaka ife. Ilikuja na kijitabu chenye maelezo na michoro. Nilikikunja nikakiweka chini ya mguu wa ngazi kwa sababu sakafu haikuwa sawa.

Siku ya ufunguzi Bi Raya alialika nusu ya mji. Palisomwa dua, ubani ukafukizwa, masufuria ya pilau yakapangwa uani, na samaki waliteremshwa tangu alfajiri, nguru na kolekole, matenga na matenga, yamefunikwa magunia mabichi yakisubiri kuingizwa. Mimi nilivaa shati jeupe. Fundi gani huvaa shati jeupe kazini? Mimi huyo.

Nikaunga zile waya tatu za umeme, ya kwanza hapa, ya pili pale, ya tatu ilipobaki, nikaenda kwenye swichi kubwa, nikapandisha. Kimya. Kwenye ubao wa swichi palikuwa na kisanduku kidogo cheupe kilichokuja na ile mashine, kina taa moja, na taa ikawaka nyekundu. Nikashusha, nikapandisha tena. Nyekundu. Nyuma yangu watu wananitazama mgongo, na jasho limeanza kulishika lile shati.

Pembeni alikuwapo Saidi, jirani wa Bi Raya, mwenye mashine ya kusaga, mtu mpole ambaye siku zote ana unga mpaka kwenye kope. Akanisogelea akaninong'oneza.

"Fundi, isijekuwa umeme wako umekaa kinyume. Miye kinu changu kikikaa hivyo hakisagi ng'o."

"Saidi," nikamwambia, tena kwa sauti ili watu wasikie, "hiki si kinu cha mahindi, hii ni mashine ya kisasa. Weye baki na unga wako."

Watu wakacheka. Saidi akarudi nyuma akijipangusa kope. Na mimi, badala ya kujiuliza kisanduku kinakataa nini, nikafanya nilichokifanya miaka yote: kimegoma, basi kirukwe. Nikakifungua, nikakitoa, nikaunga waya dairekti, dakika mbili tu. Nikapandisha swichi.

Ikanguruma! Jamani, ilinguruma kama debe la kokoto linaloburutwa juu ya mawe, na wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikainua mkono kuwapungia (naam, niliwapungia). Sauti ilinitia shaka kidogo, lakini nikajiambia mashine ni kubwa, lazima iwe na sauti kubwa. Matenga yakaingizwa, mlango ukafungwa, pilau likapakuliwa.

Baada ya kama saa nzima Bi Raya akanijia polepole, leso kichwani, sahani ya pilau langu mkononi.

"Hemedi mwanangu, n'meingia mle ndani. Mbona miye naona joto?"

"Ndiyo inaanza mama, ngoja ivute."

Akangoja. Nikaingia mwenyewe, na kweli, mafeni ya mle ndani yanapuliza hewa ya joto kuliko ya uani. Nikatoka nikasema gesi haitoshi. Nilitoa wapi habari hiyo? Kichwani. Nikafungua mtungi nikaijaza, nikaijaza tena, watu wamenizunguka na masinia yao wakitazama kama wanatazama tohara. Joto palepale. Mara kompresa ikazima yenyewe, ukiigusa inaunguza kama pasi. Baada ya muda ikawaka tena, ikanguruma, ikazima. Mtu mmoja akauliza ina nini.

"Inapumzika," nikasema. "Hizi za kisasa hupumzika."

Wallahi nilisema hivyo, na uso mkavu.

Ilipopumzika mara ya nne hata watoto walikuwa hawaniamini, na hapo nikafanya baya kuliko yote. Mlango wa kile chumba uliundwa na Mzee Mhina, seremala, Mbondei wa Muheza aliyeoa ng'ambo ya mto, Bweni, mtu mzima ambaye asubuhi nilimpa shikamoo na akaniitikia vizuri. Mlango ule aliufanyia kazi wiki mbili. Mbao mbili nene, katikati kashindilia sufi kama godoro, kingo zote kazizungushia mpira wa tyubu za lori ili hewa isipite. Alikuwa amekaa mkekani na wazee wenzake, anakula.

Mimi nikasimama katikati ya uani nikatangaza: "Jamani, mashine haina kosa. Kosa ni mlango. Baridi yote inavujia pale. Mlango ule ni wa banda la kuku."

Mzee Mhina alimaliza tonge lake, akanawa, akafuta mikono taratibu, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, akaenda kwenye ule mlango akaanza kufungua bawaba. Bi Raya akamkimbilia, "Mzee Mhina, tafadhali, usinifanyie hivi," naye akamwambia kwa upole kabisa, "Weye huna kosa mama, lakini banda la kuku halihitaji mlango wangu." Vijana wakamsaidia kuupakia kwenye mkokoteni, akaondoka nao kuelekea kwenye pantoni ya kuvukia mto.

Sasa nitazameni. Mashine haipoozi, chumba hakina mlango, samaki wamo ndani wanapulizwa joto, na nusu ya wageni wanaondoka bila kuaga. Bi Raya hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Alisimama mbele ya lile tundu la mlango, akasema, "Hemedi, samaki wangu hawa wanakufa mara ya pili."

Lile neno lilinichoma, nawaambia kweli. Mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kunielekeza stendi, lakini nikaukataa. Nikavua lile shati jeupe nikalitupa uani, nikazima swichi, nikakaa chini kwenye vumbi mbele ya kompresa, nikasema moyoni siondoki hapa, hata wakinichapa, mpaka chumba hiki kipoe. Nikatazama geji zangu mbili, nikazitazama sawasawa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Geji hizi moja husoma upande unaovuta gesi, nyingine upande unaosukuma, na mashine ikifanya kazi mishale yake huachana, mmoja unashuka wa pili unapanda. Nikawasha kidogo. Kelele tele, mishale haikwenda popote. Kwa hiyo inazunguka lakini haivuti. Mashine mpya, ina nguvu, inazunguka, haivuti!

Nikanyanyuka nikaenda mwenyewe kwa Saidi. Alikuwa kwenye kinu chake, anapepeta.

"Saidi, ndugu yangu, kinu chako kikizunguka kinyume kinafanyaje?"

Akanitazama, wala hakunicheka. "Kinapiga kelele, mahindi hayavutwi. Wabadilisha waya mbili, zozote mbili, ile ya tatu waiacha. Basi."

Nilijua! Kila fundi wa mota anajua, hata mimi nilikuwa najua, ila kompresa zangu za pistoni hazikuwahi kunidai hilo, nikalisahau kama mtu anavyosahau dua ya safari kwa kutosafiri. Nikarudi mbio, Saidi nyuma yangu. Nikazima, nikaacha ipoe, nikafungua waya mbili nikazibadilisha nafasi, kazi ya dakika moja, jamani, dakika moja. Nikakiokota kile kisanduku cheupe nikakirudisha kwenye ubao. Nikapandisha swichi.

Taa ikawaka kijani. Hakikuwa kimeharibika hata kidogo. Kimewekwa pale makusudi kikague waya zimekaa sawa au kinyume, na zikiwa kinyume kiizuie mashine isiwake. Kilikuwa kinafanya kazi yake, na mimi nilikifukuza mbele ya umati kama nilivyowafukuza wenzake wote. Kompresa ikawaka kwa sauti laini, unaisikia kwa kuitegea sikio, na mishale ya geji ikaachana. Tena wa upande wa kusukuma ukapanda mno, kwa ile gesi niliyoijaza kwa ujuaji wangu, ikabidi niitoe kidogokidogo, nimefumba macho kwa fedheha. Bomba la kurudi likaanza kutoa jasho, kisha likafanya ukungu mweupe.

Saidi akagusa bomba kwa kidole. "Hii sasa yavuta," akasema. "Lakini baridi yatoka yote nje."

Tulitundika magunia ya katani, tukatundika na mkeka. Ilikuwa kama kuziba mto kwa kanzu. Alasiri imeshaingia, na bila mlango samaki wasingekuwa wagumu kesho wala keshokutwa. Nikatoka mbio, kifua wazi, mikono ina grisi, napita katikati ya mji wa Pangani watu wakiniita majina, mpaka kwenye kivuko. Bahati yangu pantoni ilikuwa imekwama ng'ambo tangu mchana, ndiyo inaanza kurudi. Mzee Mhina ameketi juu ya mlango wake, mkokotenini, na watu wa kivuko wamemzunguka. Bila shaka habari walishapewa.

"Shikamoo mzee."

Akatazama maji.

"Shikamoo mzee," nikasema tena, nikapiga goti moja kwenye mchanga. "Nimekosa. Mlango hauna kosa, kosa lilikuwa langu. Nakuomba radhi."

"Ulinikosea wapi?" akauliza, bado anatazama maji.

"Kwa Bi Raya, mzee."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Sasa mbona waniomba radhi mbele ya pantoni?"

Pantoni ikagota, ikateremsha mlango wake wa chuma, abiria wakaanza kupanda. Nikashika mpini wa mkokoteni. Nikamwambia, "Basi twende huko huko mzee. Mlango nausukuma mimi, na maneno nitayasema palepale." Akashuka akatembea pembeni. Hakunisaidia kusukuma, na alifanya vizuri. Ule mlango ulikuwa mzito kama dhambi, na kutoka kivukoni kwenda kwa Bi Raya kuna mchanga na kuna mawe, na kila kona watu waliongezeka nyuma yetu, kwa hiyo nilipofika uani nilikuwa na umati mkubwa kuliko ule wa asubuhi.

Nikasimama palepale niliposimama asubuhi. Nikasema: "Jamani, asubuhi nilisema mlango wa Mzee Mhina ni wa banda la kuku. Nilisema uongo. Mlango ni mzuri kuliko kazi yangu. Niliunga umeme kinyume, mashine ya mama huyu ikazunguka kinyume tangu asubuhi. Kulikuwa na kifaa cha kunizuia, nikakitoa. Na Saidi aliniambia mapema, nikamtukana. Mzee Mhina, nisamehe. Saidi, nisamehe."

Mzee Mhina akasema, "Marahaba," (ile shikamoo ya kivukoni, ndiyo alikuwa anaijibu) akatoa bisibisi yake akaanza kufunga bawaba. Hapo nilidhani yamekwisha. Lakini Bi Raya alikuwa amesogea mbele yangu.

"Hemedi. Mashine yangu umeiumiza?"

Mdomo wangu ulishaandaa "hapana mama, iko salama," maana ndivyo fundi anavyosema, ndivyo nilivyosema miaka yote kwa kila friji nililoliunga dairekti. Nikaumeza. Imezunguka kinyume karibu siku nzima, imechemka, imezima na kuwaka mara ngapi sijui. Ndani nimeona nini?

"Sijui, mama," nikasema.

Watu waliguna. Yeye hakuguna. "Basi kaa nayo mpaka ujue," akasema, akaingia ndani kuhesabu matenga.

Nilikaa. Usiku ule nilikesha mbele ya geji, na asubuhi yule mtu wa Arusha akaja, akabonyeza nguru mmoja kwa kidole gumba, akabonyeza wa pili, akabonyeza hata wa chini kabisa ya tenga. Wa matenga mawili ya juu walikuwa wamelegea, akawakataa. Waliobaki wote aliwapakia, akamwambia Bi Raya tutaonana wiki ijayo, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, sioni haya kuwaambia. Nilikaa Pangani siku nane, nasikiliza ile mashine kwa sikio, kila siku naigusa kichwa kama mtoto mwenye homa. Ilikwenda. Nikarudi Tanga, na kila mwezi nikawa nateremka kuitazama bila kuitwa.

Ilikwenda miaka. Ilipokufa Bi Raya alikwishanunua nyingine, akaniambia hii kaiuze chuma chakavu. Sikuiuza. Niliiburuta hadi katikati ya ua wake, nikaikata kwa msumeno wa chuma, iliyozibwa hivyo, kazi ya asubuhi nzima mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikavitoa vile vyuma viwili vilivyojiviringa nikavipangusa. Vilikuwa na mikwaruzo. Mingi ilikuwa ya uzee, mistari laini ya kazi ya kila siku. Lakini palikuwa na michirizi mingine, mizito, iliyochimbika, imekwenda upande usio wake.

Nikampelekea mkononi. "Mama, uliniambia nikae nayo mpaka nijue. Sasa najua. Niliiumiza. Michirizi hii hapa ni yangu."

Alivaa miwani, akaipitishia kidole ile michirizi, mmoja mmoja, akanirudishia.

"Haya," akasema. "Kanawe, chakula tayari."

Basi, wenzangu, kucheka chekeni, lakini mimi niliapa palepale nikiwa nanawa, na kiapo sijakivunja: kifaa kikinikatalia sikiruki tena, nakaa chini nakiuliza kinakataa nini, hata kama dua imeshasomwa na pilau linapoa. Na ile ndoo yangu ya Mabawa niliimwaga yote mezani, nikaanza kuwarudia wateja wangu nyumba kwa nyumba, nikiwaambia kila mmoja nilimtolea nini kwenye friji lake.